Cherehani ya mnadani: kuichagua, kuinunua na kuifufua

Maswali ni yaleyale. Mtu ameona cherehani nyeusi ya Singer mnadani, maua yake ya dhahabu yamefifia, miguu imeshika kutu, gurudumu halizunguki, anauliza: ninunue au niache? Mwingine ameshanunua, imekaa ukumbini mwezi wa tatu sasa, hajui aanzie wapi. Nimeyajibu kwenye simu, nimeyajibu barazani, na leo nayaandika yote ili anayeuliza nimpe hiki asome.

Ninaishi Tanga. Huku kwetu vyombo vya zamani havijaisha: vinatoka kwenye nyumba za mashamba ya mkonge, kwenye mirathi, kwenye ofisi zinazofungwa. Nimechagua cherehani kwa sababu ya vitu vyote vikuukuu vya nyumbani, hiki ndicho kinachoweza kurudi kazini na kumlisha mtu. Ukiifufua vizuri inashona sketi za shule, haikai kabatini kama pambo.

Kabla ya yote tuondoe hili la zebaki nyekundu, maana bado naulizwa. Mwaka 2009 uvumi ulienea Saudi Arabia kwamba Singer za zamani zina zebaki nyekundu ndani yake, kitu kinachodaiwa kuwa cha thamani kubwa. Watu walikuwa wakisogeza simu karibu na sindano, eti mawasiliano yakikatika basi imo, na bei zikapanda mpaka maelfu kwa maelfu ya riali. Ulikuwa uzushi mtupu. Ndani ya cherehani mna chuma, mafuta na vumbi la nguo. Mtu akikuambia anatafuta yenye zebaki, au anakuuzia yenye zebaki, ondoka.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

Vya kwenda navyo mnadani: tochi (ya simu inatosha), kitambaa kikavu, kipande cha nguo ya pamba, uzi, sindano mpya moja, na karatasi uliyoandika bei yako ya mwisho.

Vya nyumbani:
- bisibisi bapa mbili, moja pana na moja nyembamba, ncha zake ziwe hazijalika
- mafuta ya cherehani, yale meupe mepesi ya kwenye kichupa
- mafuta ya taa, nusu lita
- brashi ya meno iliyochakaa, njiti za meno, vitambaa vya pamba
- stilwaya laini na msasa laini
- sindano namba 14, pakiti iwe imeandikwa HAx1 au 130/705H
- trei ya mayai ya kuwekea skrubu
- mkanda mpya wa ngozi, kama cherehani ni ya kukanyaga

Hatua ya 1: Jua ni mnada wa namna gani

Neno ni moja, mambo ni tofauti. Kuna mnada ambao kwa kweli ni gulio, watu wanapanga bidhaa chini na mnapatana bei. Huko unaweza kuchukua muda wako, ukazungusha gurudumu hata nusu saa. Na kuna mnada wa dalali, wa kupandishana dau. Huu hutangazwa gazetini, kwenye mbao za matangazo au kwa gari la kipaza sauti. Soma tangazo mpaka mwisho. Tazama siku ya ukaguzi, tazama masharti ya malipo (kwa vitu vikubwa ni kawaida kutakiwa asilimia 25 papo hapo na salio ndani ya siku 14), na tazama umepewa siku ngapi kuondoa mzigo.

Utakuta pia maneno haya: vitu vinauzwa kama vilivyo, mahali vilipo. Maana yake hakuna kurudisha. Ndiyo sababu hatua inayofuata ni ndefu kuliko zote.

Hatua ya 2: Ikague kwa mikono

Nenda siku ya ukaguzi. Siku ya mnada yenyewe kuna msongamano na dalali hatakusubiri.

Anza na gurudumu la mkono. Lizungushe kuelekea kwako, kamwe si kinyume. Likizunguka, hata kwa shida, hali ni njema. Likiwa zito sawasawa mzunguko mzima, kama unasonga ugali wa watu kumi, hayo ni mafuta yaliyoganda na dawa yake ipo. Likienda vizuri halafu likagota mahali palepale kila mara, kuna kitu kimenasa: mara nyingi ni uzi au kipande cha sindano karibu na bobini (ile inayobeba uzi wa chini), lakini huenda ni chuma kilichopinda. Hapo shusha bei yako nusu.

Na kama halitikisiki kabisa? Laza kichwa (mashine yenyewe inayokaa juu ya meza) nyuma, washa tochi, tazama tumboni. Ukiona utando wa kahawia unaong'aa kama asali iliyokaukia kwenye chupa, ni mafuta ya miaka mingi, nanunua. Ukiona unga wa rangi ya machungwa kwenye vyuma vinavyozunguka, ni kutu, na kwa hali ya hewa ya pwani kutu ikishaingia huko huwa imekula sana. Hiyo naiacha.

Kisha telezesha kibati kinachofunika bobini. Hapa ndipo wageni wengi wanapoliwa. Kama bobini ni ya duara na inakaa ndani ya kikasha kidogo cha chuma kinachochomoka, huenda ni Singer jamii ya 15, kwa mfano 15K. Hizo nunua bila hofu, kwa sababu cherehani za Butterfly kutoka China zimefuata umbo hilohilo na vipuri vyake vimejaa madukani. Kama bobini ni ndefu na nyembamba, imelala ndani ya kichuma chenye umbo la mtumbwi uliochongoka, hiyo ni jamii ya 27, 28, 127 au 128. Inashona vizuri mno, ila huo mtumbwi usipokuwemo umenunua pambo.

Nasema nikijua. Singer yangu ya pili ilikuwa 28K ya kuzungusha kwa mkono, nzuri, sanduku lake la mbao zima kabisa. Nilitazama maua, nikatazama sanduku, sikufungua kibati. Nyumbani nikakuta patupu. Ilikaa miezi minane hadi fundi mmoja mzee wa Ngamiani aliponiuzia mtumbwi kutoka kwenye mashine iliyokufa. Kwa hiyo fungua kibati. Kama huna hakika unachokiona, piga picha umwonyeshe fundi kabla ya siku ya mnada.

Baadaye tazama nyufa: kwenye shingo ya kichwa na kwenye bawaba mbili za nyuma. Chuma hiki ni cha kumimina, kikianguka hupasuka. Sukuma meza kwa kidole gumba upande wa chini; mbao ikibonyea au ikidondosha unga, ina wadudu. Kama ina mota ya umeme, usiichomeke popote. Nyaya za zamani mpira wake hukauka na kumomonyoka ukiushika. Hesabu kwamba utazibadilisha zote.

Umri usikuhangaishe. Namba iliyo kwenye kibati upande wa kulia ikianza na herufi, imetengenezwa kuanzia 1900. Ikiwa tarakimu tupu, ni ya kabla ya hapo. Herufi K kwenye aina, kama 15K, ni Kilbowie, kiwanda cha Singer kule Clydebank, Scotland, kilichofunguliwa 1885 na kufungwa 1980. Ni vizuri kujua, lakini zilitengenezwa mamilioni, kwa hiyo uzee peke yake hauongezi bei. Dalali akisema "hii ni ya mkoloni", wewe uliza gurudumu.

Hatua ya 3: Andika bei yako ya mwisho

Uliza dukani bei ya Butterfly mpya yenye miguu. Toa nauli ya kubeba, toa vipuri ulivyoona vinakosekana, toa mkanda na mafuta. Kinachobaki toa tena theluthi, kwa ajili ya kazi yako na yale usiyoyaona. Hiyo ndiyo bei. Iandike kwenye karatasi, uiweke mfukoni.

Hatua ya 4: Siku ya mnada

Fika mapema, jisajili kama inatakiwa, simama mahali ambapo dalali anakuona na wewe unawaona wenzako. Watambue wanunuzi wa chuma chakavu: wao wanapima kilo, na miguu ya cherehani ni mizito, kwa hiyo hawatakuacha uichukue kwa bei ya bure. Lakini wakishafika bei ya kilo wanaacha, na wewe unaendelea.

Usiwe wa kwanza kutaja bei. Subiri, ingia katikati, panda kidogokidogo. Ukiona mtu mmoja anakupandishia kila mara na macho yake yako kwa dalali, yakiwa hayajaigusa cherehani hata mara moja, jihadhari, huenda ni mpambe aliyepangwa kupandisha bei. Bei ikifika kwenye karatasi yako, nyamaza. Dalali akiita "Mara ya pili" inauma, najua.

Kosa jingine: kununua fungu zima lenye cherehani, viti vitatu vibovu na redio, kwa kuwa unaitaka cherehani tu. Uliza kwanza kama dalali atakubali kutenganisha, au mtafute mwenzako wa kuchukua viti.

Hatua ya 5: Risiti, kisha usafiri

Dai risiti yenye jina la kitu na ile namba ya kwenye kibati. Ukikutana na askari au mgambo njiani una vyombo vikuukuu kwenye guta, hiyo ndiyo itakayokusemea.

Usisafirishe kichwa kikiwa mezani. Kilaze nyuma, legeza skrubu mbili zinazoshika bawaba, kinyanyue, kifunge kwenye blanketi ukipakate. Kichwa kimoja nilikiona kikidondoka kutoka kwenye mkokoteni mita hamsini tu kutoka mnadani. Shingo ilikatika.

Hatua ya 6: Piga picha, fungua kidogo

Piga picha kila upande kabla ya kugusa skrubu. Unachofungua kiweke kwenye trei ya mayai kwa mpangilio wa ulivyotoa. Toa sindano, kimguu kinachokandamiza kitambaa, kibati cha sindano, kifuniko cha kushoto, na bobini pamoja na kikasha chake. Basi. Skrubu ikigoma, weka tone la mafuta ya taa, iache hadi kesho. Ukilazimisha kwa bisibisi nyembamba utaichuna kichwa na hutaitoa tena.

Onyo kubwa: skrubu za kule chini zinazoshika mhimili wa ndoano ya kudaka uzi usiziguse. Hapo ndipo ulipo mwendo wa sindano na ndoano. Ukiuvuruga, kazi hiyo ni ya fundi.

Hatua ya 7: Toa nyuzi na manyoya

Kwa njiti na brashi kavu, safisha chini ya meno yanayosukuma kitambaa. Utatoa vumbi lililoshindiliwa likawa gumu kama sponji la kiatu. Zungushia macho kwenye ekseli ya gurudumu pia, nyuzi hujifunga humo miaka na miaka.

Hatua ya 8: Yeyusha mafuta yaliyoganda

Fanya kazi hii nje, mbali na jiko na sigara. Dondosha mafuta ya taa kwenye kila tundu lililo juu ya kichwa, na kila mahali chuma kinaposuguana na chuma, juu na chini. Matone mawili matatu kila mahali. Subiri saa moja. Kisha tikisa gurudumu mbele na nyuma kidogo, bila nguvu. Wakati huu tu, uzi ukiwa haumo, kurudi nyuma si kosa.

Usitumie nyundo wala koleo. Kuna 15K moja iliyonichukua siku nne. Jioni ya kwanza gurudumu lilisogea upana wa kidole. Ya pili, shubiri. Nilikuwa natia matone asubuhi kabla ya kwenda kazini na usiku kabla ya kulala. Siku ya nne niliweka mkono kama kawaida, gurudumu likaenda mzunguko mzima bila kunizuia, na matone ya rangi ya chai ya rangi yakaanza kushuka kwenye gazeti nililotandika chini. Ukiona hiyo rangi inatoka, endelea kutia na kufuta mpaka itoke safi.

Vitambaa vilivyolowa usivikunje na kuvitupa kwenye kikapu. Vitandaze nje vikauke.

Hatua ya 9: Tia mafuta yake

Mafuta ya taa yanayeyusha, hayalainishi. Ukiiacha hapo itasagika. Siku hiyohiyo tia mafuta ya cherehani, tone moja kila sehemu uliyoyeyusha, zungusha dakika tano, futa yanayovuja, ilaze usiku kucha juu ya kitambaa.

Usitie mafuta ya kupikia, ya nazi au ya alizeti. Mara nyingi ndiyo hayo yaliyoigandisha mwanzo. Oili ya gari nayo ni nzito, inakusanya vumbi. Na usitie tone lolote kwenye sahani za tensheni (zile mbili ndogo zinazobana uzi wa juu) wala kwenye kipira cha kujazia bobini.

Hatua ya 10: Safisha mwili, usiupake rangi

Naomba mnisikilize hapa. Yale maua ya dhahabu yamefunikwa na vanishi nyembamba sana. Spiriti, thina na asetoni vinaiyeyusha, na maua yanafuata. Nilifanya hivyo kwenye cherehani yangu ya kwanza. Kitambaa kilirudi na dhahabu yote, na kichwa kikabaki cheusi kitupu. Tumia kitambaa chenye mafuta ya cherehani, sugua taratibu kwa duara, futa, rudia. Uchafu wa rangi ya ugoro utatoka, weusi utaanza kung'aa.

Rangi ya kupuliza, ya waridi au ya samawati, huingia kwenye matundu ya mafuta na kwenye skrubu. Nimeletewa tatu za namna hiyo mwaka jana, zote zimekwama tena.

Hatua ya 11: Miguu, meza, mkanda

Kutu ya miguu isugue kwa stilwaya na mafuta ya taa, ifute, ikikauka upake mafuta mepesi au vanishi ya chuma. Tia mafuta kwenye ncha za kanyagio na kwenye fimbo inayozungusha gurudumu kubwa. Meza ioshe kwa kitambaa chenye maji kidogo na sabuni, ikaushe kivulini. Mkanda upitishe, pima ukate usilegee wala usikaze, toboa, funga kwa kile kipini cha chuma. Mkanda uliokaza mno unafanya mguu uchoke ndani ya dakika kumi.

Hatua ya 12: Sindano, uzi, mshono wa kwanza

Sindano ina upande bapa na upande wenye mfereji mrefu. Uzi unaingia tunduni kutoka upande wa mfereji mrefu. Upande bapa unatazama ndoano. Zungusha gurudumu taratibu uone ndoano inapita upande gani, utajua. Isukume mpaka juu kabisa ndipo ukaze.

Tia uzi kimguu kikiwa juu, ili sahani za tensheni zifunguke na uzi uingie katikati yake. Vuta uzi wa bobini utokeze juu. Weka nguo ya pamba iliyokunjwa mara mbili, shusha kimguu, shika ncha za nyuzi zote mbili kwa nyuma, sogeza gurudumu kwa mkono kuelekea kwako mishono kumi. Mishono ikisimama sawa, ndipo utumie mguu.

Kama fungu lako limekuja na vitu vingine

Kwa ufupi tu. Sufuria za shaba nyekundu zisugue kwa ndimu na chumvi zitang'aa, lakini usizipikie kama kalai ya ndani imetoka, hasa vyakula vichachu kama vya ukwaju na nyanya. Mpelekee mtu wa kutia kalai kwanza. Kabati au kitanda chenye rangi ya zamani usikipige msasa mkavu, rangi hizo huenda zina risasi. Lowesha msasa, fanyia nje, watoto wakae mbali.

Ikigoma

*Uzi unajikusanya chini ya nguo.* Kila mtu hukimbilia bobini. Kosa liko juu: uzi haukuingia kwenye sahani za tensheni. Toa wote, inua kimguu, tia upya.

*Inaruka mishono.* Sindano imepinda, imegeuzwa, au haikufika juu. Badilisha kabla ya kufikiria jambo jingine.

*Uzi wa juu unakatika.* Legeza tensheni robo mzunguko. Ukikatika tena, pitisha kidole kwenye tundu la kibati cha sindano. Ukihisi kovu linakwaruza, lisugue kwa msasa laini kabisa.

*Nguo haisogei.* Vumbi limejaa chini ya meno, au kirekebisho cha urefu wa mshono kiko sifuri.

*Gurudumu linazunguka, sindano haishuki.* Ile skrubu kubwa ya duara iliyo katikati ya gurudumu, inayolegezwa wakati wa kujaza bobini, haijakaza. Ukiikaza na bado, legeza kiskrubu chake kidogo, itoe, geuza washa iliyo ndani nusu mzunguko, rudisha.

*Ukikanyaga inarudi nyuma na kukata uzi.* Mashine ni nzima. Anza kila mara kwa kusukuma gurudumu la mkono kuelekea kwako, mguu ufuate. Fanya mazoezi bila uzi, kwenye karatasi, mpaka mguu uzoee. Wengi huhitaji jioni mbili.

*Ilikuwa nyepesi, baada ya wiki imekuwa nzito.* Mafuta ya zamani yaliyokuwa yamejificha yamelegea na kuganda upya. Rudia hatua ya 8 na 9. Kwa iliyokaa miaka mingi, mimi huzirudia mara mbili au tatu kabla sijamkabidhi mtu.